Mtoto wa mbwa na kizimba: masomo matatu yanayofanywa kuwa moja

Ukimleta mtoto wa mbwa nyumbani, ushauri kuhusu kizimba utaupata hata bila kuuomba, na mwingi unagongana. Yupo atakayekuambia umfungie tangu usiku wa kwanza na usimfungulie hata alie vipi, kwani atachoka mwenyewe. Yupo atakayekuambia kwamba kumweka mbwa kizimbani ni ukatili, basi. Wa tatu atasema kizimba ndiyo dawa ya mikojo sebuleni, na wa nne atalalamika kwamba alikinunua, akamlaza mbwa wake humo, na asubuhi bado akakuta tandiko limelowa.

Kila mmoja wao ana kipande cha ukweli. Mvutano unatokana na kuchanganya masomo matatu ambayo kwa mbwa ni mambo tofauti kabisa: kujua mahali pa kujisaidia, kutulia katika nafasi ndogo iliyofungwa, na kubaki peke yake bila hofu. Kizimba kinagusa yote matatu, lakini chenyewe hakifundishi hata moja. Mbwa anaweza kulimudu la kwanza na la pili, kisha akachanganyikiwa katika la tatu. Anayefunga mlango na kuzima taa usiku wa kwanza anamtahini mtoto katika masomo yote matatu kwa mpigo, kabla hajamfundisha lolote.

Habari za pango

Wauzaji wa vizimba wanapenda kusema kwamba mbwa ni mnyama wa pangoni, hivyo kizimba anakipenda kwa asili. Dai hili ni la nusu nusu. Mbwa mwitu wa kijivu, jamaa wa karibu zaidi wa mbwa wa nyumbani, hutumia shimo au pango kwa ajili ya kuzalia na kulelea watoto katika wiki zao za mwanzo. Watoto wakishapata nguvu wanahamia maeneo ya wazi, na wakubwa hulala nje karibu maisha yao yote. Tena pango halina mlango unaofungwa kwa nje. Kwa hiyo usitegemee asili ikufanyie kazi: mtoto wa mbwa hazaliwi akipenda vyuma vinne na komeo.

Kipo kitu kingine cha asili, hata hivyo, na hicho ndicho kinachokipa kizimba maana. Katika wiki za kwanza mtoto wa mbwa hajisaidii mwenyewe. Mama humlamba ili kumwamsha haja, kisha husafisha uchafu wote, na mahali pa kulala panabaki pasafi. Kuanzia kama wiki ya tatu, miguu inapoanza kumtii, mtoto huanza kujivuta nje ya tandiko ili akajisaidie pembeni. Akipata nafasi ya kufanya hivyo siku baada ya siku, anajenga tabia ya kutochafua anapolala. Kizimba chenye ukubwa unaofaa kinaegemea tabia hiyo.

Sasa mtazame mtoto aliyekulia kwenye tundu finyu, asiye na pembeni pa kwenda. Alijisaidia alipolala kwa sababu hakuwa na pengine, na ile tabia ikafa kabla haijakomaa. Mbwa wa namna hii hazuiwi na kizimba kukojoa. Atakojoa na kulalia. Si mkaidi wala si mjinga. Anahitaji kuanzishwa upya: nafasi pana zaidi, sehemu ya kulala iliyotengwa wazi na sehemu ya haja, na kutolewa nje mara nyingi kuliko watoto wengine. Kumbana zaidi ndani ya kizimba kunazidi kumfundisha kwamba kulala kwenye mkojo ni kawaida.

Kibofu kina mipaka yake

Kuna kanuni ya makadirio inayotumiwa sana: hesabu umri wa mtoto kwa miezi, ongeza moja, hizo ndizo saa anazoweza kujizuia kwa juu kabisa mchana akiwa ametulia. Wa miezi miwili ni saa tatu, wa miezi mitatu ni nne. Hicho ni kikomo tu. Akiwa macho anacheza, mtoto wa wiki nane anaweza kubanwa kila baada ya saa moja au chini ya hapo. Usiku hali ni nyepesi kidogo, kwa kuwa mwili ulalao hupunguza kutengeneza mkojo, lakini katika umri huo tarajia kuamka angalau mara moja.

Nyakati za hatari zinajulikana: mara anapoamka, dakika 5 hadi 30 baada ya kula, katikati ya mchezo mkali, na kabla ya kulala. Ukizishika hizo, umeziba mianya mingi. Dalili zake pia ni za wazi ukiwa unamwangalia: anaacha ghafla alichokuwa akikifanya, anashusha pua chini, anaanza kuzunguka mahali pamoja.

Somo lenyewe la haja linafundishwa nje ya kizimba. Unamtoa, unampeleka palepale ulipompeleka jana, unasimama kimya bila kucheza naye, unasubiri. Anapomaliza tu, kabla hajapiga hatua, unampa kipande kidogo cha chakula anachokipenda. Ukingoja hadi mrudi ndani ndipo umpe, umemlipa kwa kurudi ndani. Mbwa huunganisha malipo na kitendo kilichotokea sekunde moja au mbili zilizopita, si zaidi. Kwa sababu hiyohiyo, kumgombeza kwa mkojo ulioukuta umeshakauka hakumfundishi chochote kuhusu mkojo. Kunamfundisha kwamba wewe ni wa kuogopwa, na mbwa anayekuogopa atajificha nyuma ya kiti akajisaidie huko, wala hatakuonyesha kwamba amebanwa.

Hapa ndipo kizimba kinaposaidia, na msaada wake ni wa muda tu. Ukimtoa akakataa kukojoa, na unajua kibofu kimejaa, mrudishe kizimbani dakika kumi, kisha mtoe tena. Bila kizimba angezipitisha dakika hizo kumi zulia kwa zulia. Kwa kumpunguzia nafasi za kukosea, unaongeza nafasi za kumlipa kwa kupatia.

Akikosea ndani, safisha kwa sabuni yenye vimeng'enya vinavyovunja mkojo. Epuka dawa zenye amonia, kwani harufu yake inafanana na ya mkojo na humwita arudi palepale.

Kizimba chenyewe

Ukubwa ndilo jambo la kwanza. Mbwa aweze kusimama bila kuinamisha kichwa, kugeuka, na kulala ubavu akiwa amenyoosha miguu. Kikizidi sana, upande mmoja unakuwa kitanda na mwingine choo. Kwa kuwa mtoto anakua haraka, kizimba cha saizi ya ukubwani chenye ukuta wa kati unaosogezwa kinaokoa fedha. Cha waya kinapitisha hewa vizuri, cha plastiki kina giza zaidi na kinafaa kwa safari, cha kitambaa kinamfaa mbwa aliyekwisha kuzoea. Mtoto mwenye meno ya sindano atakitoboa.

Mvue mkanda wa shingoni kila anapoingia. Mkanda unaweza kunasa kwenye waya, na mbwa anayejinasua kwa hofu hujinyonga. Hili halina msamaha. Joto nalo ni hivyohivyo: mbwa hupoa zaidi kwa kuhema, na ndani ya nafasi ndogo yenye jua au hewa nzito kuhema hakumtoshi. Joto lake la kawaida liko kati ya nyuzi 38 na 39 za Selsiasi hivi. Likipita 41 yuko hatarini kufa. Kizimba kikae kivulini, penye hewa, mbali na dirisha la jua la mchana.

Mlango unafundishwa polepole

Ivan Pavlov, Mrusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wa mmeng'enyo wa chakula, aligundua kwamba mbwa wake walianza kutoka mate kabla chakula hakijafika, kwa kuona tu dalili za ujio wake. Mbwa anajifunza nini hufuata nini, na mpangilio ndio kila kitu. Ikiwa kila mara unapofunga kizimba kinachofuata ni wewe kutoka na kupotea, mlango ule unakuwa habari mbaya. Ikiwa kinachofuata kwa siku nyingi ni chakula, usingizi na sauti yako karibu, mlango uleule unakuwa habari njema. Chuma ni kilekile.

Somo la kwanza linakwenda hivi. Funga mlango kwa kamba ukiwa wazi, usije ukajibamiza na kumgusa mgongoni. Dondosha kipande cha chakula kizingitini, halafu kingine ndani kidogo. Mtoto atanyoosha shingo, ataingiza miguu ya mbele, na ile ya nyuma ataiacha nje imekakamaa, tayari kurudi kinyumenyume. Iangalie miguu hiyo ya nyuma, kwani ndiyo inayokueleza ukweli. Usimsukume. Hata ukifanikiwa kumwingiza kwa kumsukuma, umempa sababu ya kukishuku kizimba. Mwache atoke, mwache arudi. Siku atakapoingiza miguu yote minne kwa hiari, mpe vipande kadhaa mfululizo akiwa humo humo, kimoja baada ya kingine, ili kukaa ndani kulipe kuliko kuingia na kukimbia.

Kisha mlango. Usogeze nusu, mpe chakula, uachie. Ufunge sekunde moja, mpe kupitia wayani, ufungue. Sekunde tatu. Sekunde kumi. Tena mbili. Kuna kosa dogo hapa linalowaponyoka wengi: wanaongeza muda kila mara, na mbwa anagundua kwamba kila raundi ni ngumu kuliko iliyopita, anaanza kusitasita. Changanya ndefu na fupi. Malizia kipindi kingali kitamu kwake, baada ya dakika chache, kabla hajachoka na wewe.

Baada ya hapo milo yake yote ihamie humo, na kitu cha kutafuna awe anakipata humo tu. Watoto wa mbwa hulala saa 18 hadi 20 kwa siku, kwa hiyo usingizi utakuja wenyewe. Akianza kusinzia sakafuni, mwelekeze kizimbani. Kukaa kwako kiti cha jirani ukifanya shughuli zako ni sehemu ya somo, ingawa hakuonekani kama kazi.

Kilio kina sababu zake

Swali la kilio ndilo linalowagawanya watu zaidi, na linastahili kuangaliwa kwa utulivu, maana jibu la jumla halipo.

Wanaosema «mwache alie» wana hoja. Mwanasaikolojia Mmarekani B. F. Skinner na waliomfuata walionyesha kwamba kitendo kinacholipwa hujirudia na kisicholipwa hufifia, na kwamba kabla ya kufifia mara nyingi hupanda kwa muda. Mbwa aliyezoea kwamba kelele inafungua mlango atapiga kelele zaidi siku mlango usipofunguka. Ukivumilia nusu saa kisha ukasalimu amri kilio kikiwa kileleni, umemlipa kwa kulia kwa nguvu na kwa muda mrefu.

Hoja hiyo inahusu kilio cha kudai tu. Kilio cha kubanwa na haja ni taarifa, na kuipuuza taarifa hiyo ni kumlazimisha mtoto achafue kitanda chake na kuua tabia uliyokuwa ukiitegemea. Kilio cha hofu nacho hakiendeshwi na malipo, na ndiyo maana kumtuliza hakukiongezi. Hofu si tendo alilolichagua ili apate kitu. Ukimwacha mtoto mwenye hofu alie mpaka anyamaze, huenda amenyamaza kwa kuchoka, na kesho akikiona kizimba moyo utampiga zaidi ya jana. Watu huona ukimya huo wakadhani amezoea.

Utazitofautishaje? Anza na saa: mara ya mwisho alikojoa lini, ana umri gani? Kisha mwili. Mtoto anayenung'unika kidogo huku akizunguka kutafuta mkao, akitua kati ya mnung'uniko na mnung'uniko, mara nyingi anatafuta usingizi. Mpe dakika chache. Mtoto anayehema bila joto, anayedondosha mate, anayeng'ata waya, anayekwaruza mlango bila kupumzika, aliyetoa macho mpaka weupe unaonekana, huyo ana hofu, na anayemfaa ni wewe uliyemwendea sasa hivi. Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni chakula: mpe kipande cha kitu anachokipenda sana. Akikila na kurudi kutafuna, hali si mbaya. Akikipuuza wakati dakika kumi zilizopita angekigombania, amevuka uwezo wake, na kesho unapaswa kurudi nyuma hatua kadhaa.

Usiku wa kwanza unahitaji huruma ya pekee. Mtoto huyu ametolewa kwa mama na ndugu zake leo, na hajawahi kulala bila mwili wa mwenzake ubavuni. Weka kizimba kando ya kitanda chako, akusikie ukipumua na akunuse. Ukiweza kuteremsha mkono hadi wayani, bora zaidi. Akilia baada ya saa kadhaa za usingizi, mtoe moja kwa moja hadi mahali pake pa haja, taa hafifu, bila mazungumzo wala mchezo, akojoe, alipwe, arudi alale. Kizimba utakisogeza kidogo kidogo katika siku na wiki zinazofuata hadi pale unapotaka kikae. Waliomweka jikoni tangu siku ya kwanza ili «asizoee chumbani» kwa kawaida hulala kidogo kuliko wote nyumbani.

Kuachwa peke yake ni somo la pembeni

Mbwa anayelala fofofo kizimbani ukiwa mezani anaweza kupandwa na hofu unapogusa kitasa cha mlango wa nje. Amejifunza kizimba, hajajifunza kutokuwepo kwako. Somo hilo lianze kwa sekunde: unatoka chumbani, unarudi kabla hajaanza kuhangaika, hamna sherehe unapoondoka wala unaporudi. Lifundishe pia nje ya kizimba, katika chumba salama, ili vitu viwili visifungane kichwani mwake. Na umfungie mara nyingi ukiwa upo, ili kizimba kisiwe tangazo la safari yako.

Kwa mbwa mwenye hofu halisi ya kuachwa, kizimba kinaweza kudhuru. Mbwa wa namna hiyo huvunja meno na kung'oa kucha akijaribu kutoka. Ukiona damu kwenye waya, au kidevu na kifua vimelowa mate, acha kumfungia na utafute daktari wa mifugo anayeelewa tabia za wanyama.

Saa nazo ziwe na mpaka. Kulala saa 18 hakumaanishi kufungiwa saa 18. Kati ya wiki ya tatu na ya 14 hivi ubongo wa mtoto wa mbwa unapokea dunia kwa wepesi ambao haurudi tena: watu wa kila namna, sauti, sakafu tofauti, mbwa wengine wenye afya na chanjo. Kila saa ya macho anayoipitisha nyuma ya waya imetolewa kwenye akiba hiyo. Mwenye kazi ya kutwa asikitegemee kizimba kumlelea. Chumba kidogo kisicho na hatari, au uzio wa ndani wenye sehemu ya kulala na sehemu ya haja, pamoja na mtu wa kuja kumtoa, vinamfaa zaidi.

Inafaa kujua kwamba Uswidi na Ufini haziruhusu mbwa kufungiwa kizimbani nyumbani kama utaratibu wa kila siku. Safari ni miongoni mwa mambo machache yanayoruhusiwa. Mbwa wa huko wanajua kwenda nje kama wa kwingineko. Kwa hiyo kizimba ni njia mojawapo, na mwenye nyumba anaweza kumlea mbwa vizuri bila kumfungia hata siku moja. Mimi bado napendelea mtoto afundishwe kutulia ndani yake kwa hiari, kwa sababu siku ya upasuaji, ya mfupa uliovunjika au ya safari ndefu atafungiwa tu, na siku hiyo ya maumivu si siku ya kuanza somo.

Meno ya utoto hubadilika kuanzia kama mwezi wa nne hadi wa saba, na hamu ya kutafuna hubaki kali hata baada ya hapo. Ndiyo maana wengi hawaachi mlango wazi kabisa kabla ya mwaka mmoja. Anza na dakika chache za uhuru ukiwa nje ya chumba, kisha ongeza. Asipotafuna kitu wala kukojoa kwa wiki kadhaa, ng'oa mlango na ukiache kizimba mahali pake, kwani wengi huendelea kulala humo. Na ikiwa mbwa aliyekuwa msafi ataanza ghafla kulowesha tandiko, au anakojoa matone kila mara, au anakunywa maji kupita kawaida, mpeleke kwanza kwa daktari wa mifugo akapimwe mkojo. Maambukizi ya njia ya mkojo hutokea hata kwa watoto wa mbwa, na hayo yanatibiwa kwa dawa.